Sikio linavuma, usingizi hauji: kuitafuta hitilafu ilipo

Fundi wa genereta akiletewa mashine inayonguruma vibaya, hatangulii kushika spana. Anauliza kwanza: imeanza lini? Inanguruma ikiwa na mzigo, au hata ikiwa tupu? Kuna kitu kilibadilishwa juzi? Sikio linalovuma linataka maswali hayohayo, na wengi wetu tunayaruka. Tunakimbilia matone ya duka la dawa, kisha piritoni za kulalia, kisha mtu wa kutusomea dua. Mwezi wa tatu ukifika tuna mlio uleule, na macho mekundu juu yake.

Mimi ni fundi vyuma. Nimekata na kuchomelea mageti Gerezani, Dar es Salaam, kwa miaka kumi na minane, grainda mkononi na masikio wazi. Mlio wangu ni wa nyenje, mwembamba, usiopumzika. Usiku wa kwanza nilitoka nje na tochi kumtafuta huyo nyenje. Nilizunguka tangi la maji mara mbili kabla sijakubali kwamba yuko kichwani.

Mwenye mlio mkali huwa na hitilafu mbili kwa pamoja, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Kuna sauti yenyewe, na kuna king'ora, yaani ile sehemu ya ubongo inayoisikia sauti hiyo na kupiga kelele kuwa kuna hatari, usilale. Sauti mara nyingine inatengenezeka, mara nyingi haitengenezeki. King'ora kinaweza kushushwa, hata kwa mtu ambaye mlio wake haujapungua hata kidogo. Kinachokunyima usingizi zaidi ni king'ora, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa muda mrefu. Ila tuanze na sauti, maana zipo chache ambazo hazifai kusubiri.

Usikivu umekatika ghafla

Umelala mzima, umeamka sikio moja kama limezibwa kwa pamba, linavuma, na simu ukiiweka upande huo husikii mtu. Au imetokea ndani ya siku mbili tatu. Watu wengi hudhani ni mafua au nta, wakasubiri. Usisubiri. Mshipa wa fahamu wa kusikia au sikio la ndani linaweza kuwa limepata shambulio, na dawa za jamii ya steroidi husaidia zaidi zikianza siku za mwanzo kabisa. Wiki mbili zikipita nafasi inakuwa ndogo sana. Nenda leo, na ukifika mapokezi sema wazi, "Nimeacha kusikia ghafla." Ukisema tu sikio linasumbua, utapewa matone na kurudishwa nyumbani.

Nenda pia bila kuchelewa kama mlio umekuja pamoja na uso kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono kufa ganzi, kizunguzungu kikali cha ghafla, au baada ya kugongwa kichwa. Hapo sikio ndilo la mwisho kushughulikiwa.

Mlio unadunda, hauvumi

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, usikilize. Kama sikio na mapigo ya moyo vinakwenda pamoja, unachosikia ni damu inayopita. Mlio wa namna hii una sababu zinazoonekana mara nyingi kuliko milio mingine, ndiyo maana hautakiwi kuvumiliwa kimyakimya. Anza na vipimo rahisi ambavyo hata kituo cha afya kinaweza: presha, na wingi wa damu. Upungufu wa damu huufanya moyo kusukuma kwa nguvu, na mjamzito anaweza kuusikia mdundo huo kwa sababu hiyohiyo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi pia huleta hali hii. Daktari wa masikio anaweza kuweka stetoskopu shingoni au nyuma ya sikio, na mara nyingine atausikia mlio wako kwa masikio yake mwenyewe, jambo ambalo kwa milio ya kawaida haliwezekani. Akiona haja, ataagiza picha za mishipa.

Mwanamke mwenye mdundo huu pamoja na kichwa kuuma na macho kufifia, hasa kama uzito umeongezeka karibuni, aseme yote matatu kwa pamoja. Linaweza kuwa shinikizo la maji ndani ya fuvu, na likiachwa hudhuru macho.

Ni sikio moja tu

Pwani tunasema sikio likivuma kuna mtu anakusema. Likivuma miezi mitatu, huyo anayekusema hana kazi nyingine. Mlio wa upande mmoja usioisha unastahili kipimo cha usikivu, kile cha kukaa kwenye kibanda na kubonyeza kitufe kila ukisikia sauti. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC, Bugando na Kenyatta zina madaktari wa masikio, pua na koo. Kama kipimo kinaonyesha sikio hilo linasikia kidogo kuliko la pili, daktari huwa anataka picha ya MRI, ili kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Uvimbe huo ni nadra, si saratani, na hukua taratibu. Wengi wanaopima hawakutwi nao.

Mlio wa upande mmoja unaokuja na kizunguzungu cha masaa, kutapika, na sikio kuhisi limejaa, kisha vyote vikaondoka na kurudi wiki nyingine, ni picha ya ugonjwa wa Ménière. Andika tarehe za kila shambulio. Daktari atazihitaji kuliko maelezo yako marefu.

Lilianza baada ya kusafisha sikio

Hapa wengi wana bahati. Nta iliyosukumwa hadi kwenye ngoma ya sikio inaweza kuleta mlio, na ikitolewa mlio huondoka au hupungua. Aliyeisukuma ni wewe, kwa pamba ya kijiti, ufunguo, njiti ya kiberiti au unyoya wa kuku. (Unyoya una utamu wake, nakubali.) Kama sikio halitoi usaha, haliumi na halijawahi kutoboka, weka matone ya mafuta ya zeituni yaliyo vuguvugu kidogo, jioni, kwa siku kadhaa, kisha nenda kliniki wakalisafishe. Usimimine mafuta ya taa wala maji ya kitunguu. Usichome ile mishumaa ya masikio: haivuti kitu, inaunguza.

Lilianza nikiwa kwenye dawa

Waliougua malaria kali enzi za dripu ya kwinini hawahitaji kuelezwa. Masikio yanaziba, yanavuma kama umezama chini ya maji, na muuguzi anakuambia ndiyo dawa inafanya kazi. Mlio wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikiisha mwilini. Aspirini kwa dozi kubwa hufanya vivyo hivyo, nayo hurudi nyuma ukiipunguza.

Kuna jamii nyingine isiyorudi nyuma kirahisi: sindano za gentamaisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini, ambazo baadhi zilitumika sana kwa kifua kikuu sugu, na sisiplatini ya saratani. Hizi zinaweza kuua chembe za kusikia moja kwa moja. Ukiwa kwenye sindano hizo na mlio ukaanza, mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Usiache dawa mwenyewe, lakini usinyamaze pia, kwa sababu wao wanaweza kupima usikivu na kubadili dawa kabla madhara hayajaenea. Wenye kutumia furosemidi kwa moyo au figo nao waulize.

Kazi yangu ina kelele

Hili ndilo kundi langu, na ni kubwa: mafundi, wasaga nafaka, madereva na makondakta wa matatu yenye muziki, madijei, wachimbaji, vijana wanaolala na spika masikioni. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha desibeli 80 (desibeli ndizo hupima ukubwa wa sauti) kwa masaa 40 kwa wiki kuwa salama kwa mtu mzima. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100, ambako grainda inayokata chuma hufika bila shida, umebakiwa na kama dakika 20 kwa wiki nzima. Mimi dakika 20 zilikuwa zinaisha Jumatatu kabla ya chai.

Ndani ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, chenye chembe kama 15,000 zenye vinyweleo. Kelele inazilaza, na zikifa kwa binadamu hazioti tena. Za kwanza kufa ni zile za sauti nyembamba, ndiyo maana mlio wetu mwingi ni mwembamba. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo, ukikosa habari kutoka sehemu hiyo, unaongeza sauti, kama mtu anayetafuta stesheni isiyoshika: anazungusha kitufe mpaka mwisho na kinachotoka ni mkwaruzo.

Kwa hiyo hakuna tone litakalouzima mlio huu kutokea nje. Kuna mambo mawili ya kufanya. Linda chembe zilizobaki, kwa vikinga masikio vya kazini, vile vikubwa vya kufunika. Na kama kipimo kimeonyesha usikivu umepungua, usione haya kuvaa kifaa cha kusaidia kusikia. Sauti za nje zikirudi, ubongo unapata cha kusikiliza, na wengi wanaripoti mlio unasogea nyuma mchana kutwa. Nilikuwa naviona kama vya wazee. Miaka miwili nimeipoteza kwa kiburi hicho.

Likibadilika ninapouma meno

Kaza taya, kisha geuza shingo kushoto na kulia. Mlio ukipanda au kubadilika sauti, huenda misuli ya taya na shingo inachangia. Uliza anayelala nawe kama unasaga meno usiku. Daktari wa meno anaweza kukutengenezea kinga ya kuvaa, na mazoezi ya shingo husaidia baadhi ya watu. Tupite.

Mchana nalisahau, nikizima taa linanikaba

Sasa tumefika. Mlio haujaongezeka usiku. Kilichopungua ni kila kitu kingine. Mwaka 1953 huko Marekani, watafiti Heller na Bergman waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopitisha sauti, wakawauliza wanasikia nini. Kwa dakika chache tu, 94 kwa kila 100 walisikia milio: kuvuma, mluzi, nyenje. Ukimya mtupu humfanya hata mzima asikie kitu. Wewe uliye na mlio tayari ukijifungia chumbani kimya, umejiwekea mwenyewe hicho chumba cha watafiti.

Tiba yake ni sauti ya chini, isiyobadilika, isiyo na maana. Pangaboi. Feni ya mezani. Redio iliyowekwa katikati ya stesheni mbili. Sauti ya mvua au mawimbi iliyopakuliwa kwenye simu mapema ili isile bando usiku kucha. Mwenye bati na mvua ya masika hana haja ya chochote, Mungu kamfanyia.

Kosa ambalo karibu wote tunaanza nalo ni kuifungulia sauti hiyo mpaka mlio ufunikwe kabisa. Ukiufunika, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea, na siku feni ikizimika utashtuka kama umemwagiwa maji. Iweke chini kidogo ya mlio, uvisikie vyote viwili, kama watu wawili wanaozungumza baraza moja. Pawel Jastreboff, mtafiti ambaye mwaka 1990 alieleza jinsi sehemu za hofu za ubongo zinavyoushika mlio, aliijenga tiba yake juu ya kuuzoea huko. Kuzoea huchukua miezi. Atakayekuahidi wiki ana kitu cha kukuuzia.

Spika iwe juu ya stuli, hatua mbili kutoka kitandani, isiwe masikioni. Iendelee mpaka asubuhi. Ukiiwekea muda wa kuzima, ikizima ndipo utakapoamka. Na isiwe na maneno. Mke wangu hulala vizuri na mawaidha ya redio, mimi neno moja likinigusa nimeshaanza kubishana na shehe. Vizibo vya masikio viache kazini. Kuvivaa kitandani, hata kama baa ya jirani inapiga muziki, kunaupa mlio ukumbi mzima.

Nikilala naanza kulisikiliza

Hiki ndicho king'ora chenyewe. Unalala chali na kuanza ukaguzi: limepanda? Limehamia kushoto? Jana lilikuwa hivi? Mimi asubuhi nilikuwa naziba masikio kwa viganja kabla sijafungua macho, kuhakikisha lipo. Lilikuwepo kila siku. Kila ukaguzi unauambia ubongo kwamba sauti hii ni muhimu, ilindwe. Mlinzi anayeambiwa kuna mwizi hasinzii.

Acha kupima. Acha kumwuliza mwenzako kama na yeye anasikia. Mlio ukijitokeza, utaje kimoyomoyo, "nyenje huyo," bila hasira, kisha rudisha akili kwenye kitu cha mwili: pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, au kaza na kulegeza misuli kuanzia vidole vya miguu hadi paji la uso. Akili itarudi kwenye nyenje mara hamsini. Irudishe mara hamsini. Usiku wa kwanza utaona ni upuuzi.

Kama unalala na madeni na ada za shule kichwani, yaandike saa kumi na mbili jioni, na kando ya kila moja uandike hatua moja ya kesho. Ukiyaacha yakusubiri mto, yatakuja na mlio kama wapiga zeze wawili.

Nakaa kitandani masaa tisa, nalala matano

Mtu aliyekosa usingizi hufikiri dawa ni kuongeza muda wa kujilaza. Anapanda kitandani saa tatu usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Masaa tisa kitandani, usingizi matano na nusu, umepasuka vipande. Masaa matatu na nusu yaliyobaki ni darasa la kuufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kukaa macho na kusikiliza.

Fanya kinyume. Wiki nzima, andika kila asubuhi kwa makadirio ulilala masaa mangapi. Chukua wastani, ndio uwe muda wako wa kitandani, lakini usishuke chini ya masaa matano. Kwa mfano wetu, saa ya kuamka ibaki kumi na mbili asubuhi kila siku, hata Jumapili. Saa ya kupanda iwe sita na nusu usiku. Siku za mwanzo utachoka vibaya. Kisha usingizi unajikusanya, unakuwa mmoja na mzito. Ukiona wiki imepita umelala sehemu 85 kwa kila 100 za muda wa kitandani, ongeza dakika 15 kwa kupanda mapema kidogo. Endelea hivyo wiki hadi wiki.

Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka (bipolar), mjamzito, na yeyote anayeendesha bodaboda, lori au mashine ya kukata asifanye hivi peke yake bila daktari. Mimi grainda niliiacha kwa kijana wangu wiki mbili za kwanza, nikabaki kupima na kuchora.

Naamka saa tisa usiku na silali tena

Mara nyingi si mlio uliokuamsha. Usingizi wa binadamu huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kati ya mmoja na mwingine mtu huamka kidogo. Nusu ya pili ya usiku usingizi ni mwepesi. Aliye mzima hugeuka na kusahau. Wewe unaamka, unaukuta mlio pale ulipouacha, king'ora kinalia, na sasa uko macho kweli.

Usitazame saa. Geuza simu kifudifudi. Ukihisi umepita kama dakika 20 macho, toka kitandani. Nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja inabana, najua. Mkeka chini ukutani unatosha. Taa hafifu, kitu cha kuchosha cha kufanya, kushona kifungo, tasbihi, kukunja nguo. Rudi pale tu macho yanapofumba yenyewe. Ikibidi, toka mara tatu. Ukisikia adhana ya alfajiri bado uko kwenye mkeka, hujashindwa. Saa ya kuamka ni ileile, na usingizi uliokosa utakusaidia kesho usiku. Ukilala mchana masaa mawili, umeula mtaji.

Kuna wanaoamka kwa sababu nyingine kabisa na kulilaumu sikio. Kwenda haja ndogo mara nne kuna sukari, tezi dume, au kidonge cha presha cha kukojoza kinachomezwa jioni badala ya asubuhi. Kukoroma kwa kukatika pumzi kunakokuacha na kichwa kizito kunahitaji uchunguzi wake. Na mirungi ya saa kumi jioni bado iko kazini saa tisa usiku. Kahawa ushahidi wake wa kuongeza mlio ni mdogo kuliko watu wanavyosema, lakini usingizi inauharibu, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe mchana. Pombe hulaza haraka na kuamsha mapema.

Nimejaribu kila dawa

Hadi leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuzima mlio wa muda mrefu. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unasema waziwazi wasishauri ginkgo biloba (dawa ya mmea), melatonini (ya usingizi) wala zinki kwa ajili ya mlio. Unachopendekeza ni tiba ya kisaikolojia ya kubadili mawazo na mazoea, na vifaa vya kusikia kwa waliopungukiwa. Niliyoyaeleza hapo juu kuhusu kitanda na ukaguzi yametoka katika tiba za jamii hiyo. Ukimpata mwanasaikolojia hospitali ya rufaa, vikao vichache naye vina thamani kuliko chupa kumi.

Piritoni ni dawa ya mzio ambayo kusinzia ni athari yake ya pembeni. Siku chache tu mwili unazoea, unabaki na kinywa kikavu na uzito wa asubuhi. Diazepamu, ile wanayoiita valiamu, hulaza kweli, kisha inakufunga. Aliyeitumia kwa wiki nyingi asiiache kwa siku moja. Daktari apunguze taratibu. Dua haina ubaya wowote, mimi naomba. Nina ugomvi tu na wanaouza mafuta ya jini kwa laki mbili.

Kama kukosa usingizi kumekufikisha mahali unawaza kujiondoa duniani, usiku huohuo mwamshe mtu mmoja umwambie kwa maneno hayohayo, asubuhi mwende wote hospitali. Mawazo hayo huwapata watu wenye mlio mkali, hayana uhusiano na udhaifu wa imani, na yanatibika hata kabla mlio haujapungua.

Lilikuwa limetulia, leo limepanda

Angalia siku mbili zilizopita: harusi yenye spika, mafua, usingizi mfupi, ugomvi, dawa mpya. Mara nyingi kitu kimojawapo kipo, na mlio hushuka wenyewe baada ya siku chache. Usibadilishe mpango wa usiku kwa ajili ya siku moja mbaya. Mlio uliopanda na usikivu ukashuka pamoja nao ni habari nyingine: rudi kule mwanzo kabisa.

Vifaa vya usiku wa leo

Feni au spika juu ya stuli. Faili la mvua limeshapakuliwa. Mkeka umetandikwa. Daftari la kuandikia masaa, na saa ya ukutani imehamishiwa sebuleni.

Halafu umeme unakatika saa saba, pangaboi linazunguka mara tatu za mwisho, na nyumba inakuwa kimya. Hapo nyenje wangu huja kama ameitwa. Sasa nina redio ndogo ya betri miguuni pa kitanda, imeshategwa kwenye mkwaruzo, natafuta swichi yake gizani kwa kidole cha mguu. Betri nazijaribu kila Ijumaa.